Nyumba ya Pua Haina Harufu

Paris, 9 Juni 2022

Dada yangu Josette,

Usiitupe barua hii kabla hujafungua kiboksi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Mara ya mwisho ulinikatia hata sijamaliza kukuuliza Mama amekula nini.

Serein imerudi. Naam, yale marashi ya Baba. Wale vijana walioinunua kampuni ya Vautrelle wamenihangaisha tangu mwaka jana niwasaidie kuifufua, na mimi, badala ya kukaa na pensheni yangu na paka wangu, nikakubali. Niliwapa chupa kuukuu niliyokuwa nayo kabatini, wakaichambua, kisha tukakaa na mafundi wao kuongeza hiki na kupunguza kile. Jina halikubadilishwa. Chupa ni ile ile ya mabega ya mraba na kizibo cheusi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akilieleza jina hilo? Ule umande unaoshuka jua likishazama, mbingu safi, hakuna hata wingu la kusingiziwa.

Itaanza kuuzwa Septemba, na uzinduzi wenyewe utafanyika huko huko Grasse, watu waone ilikotoka. Nimekuwekea na kijitabu chake. Ile picha uliyonitumia, ya Mama akiwa msichana kwenye shamba la asumini kule Plascassier, kikapu kiunoni, imetoka vizuri mno. Wameiweka kwenye boksi la chupa na ukurasa wa kwanza, na chini yake wameandika: "Fernand Raybaud aliitunga kwa ajili ya mwanamke mmoja tu, mke wake Honorine." Nililia nilipoiona.

Sasa nisikilize. Unasema Mama hamjui tena mtu, na siku zinapita hasemi kitu. Daktari mmoja hapa ameniambia harufu ndiyo inayochelewa kutoka kichwani. Jipake, kaa karibu naye, mpe muda. Huenda akafumbua macho akakuita kwa jina lako. Najua hicho ndicho unachokitaka kuliko vyote duniani, ingawa hujawahi kukitamka mbele yangu.

Mbusu Mama kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Solange


Grasse, 18 Juni 2022

Solange,

Kiboksi kimefika, hakikuvunjika. Asante. Nimekiweka juu ya friji pamoja na dawa za Mama. Sijakifungua.

Kwanza umesahau kwamba mimi sina pua. Tangu ile homa iliyoifagia dunia nzima sisikii harufu ya chochote. Supu ikiungua najua kwa kuona moshi. Watu wananisimamisha njiani, "Ah, Josette, mawaridi ya mwaka huu!" nami naitikia kwa kichwa kama kiziwi aliyealikwa ngomani. Kwa hiyo hayo marashi yako kwangu ni maji ya bei mbaya.

Pili, hicho kijitabu. Nimekisoma nikacheka mpaka Faïza, yule mama anayekuja asubuhi kunisaidia kumwogesha Mama, akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Kwa ajili ya mke wake! Solange, wewe ulikulia nyumba gani? Mji huu wote unajua kwamba mtunga marashi anaitwa pua, na nyumba ya pua haina harufu. Mke wa pua havai marashi, asije akamchosha mumewe aliyeshinda kutwa akinusa. Mama ameoga maisha yake yote kwa sabuni ya Marseille isiyotiwa kitu. Kitunguu saumu kilipikwa Jumapili tu. Siku niliyojipaka kolonya ya mwenzangu wa shule, Mama alinisugua shingo kwa brashi ya sakafu, na wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ukinicheka. Mama hajavaa Serein hata tone moja! Huyo kijana wako atakayesimama mbele ya watu wa Grasse kuyasema hayo, mwambie ajiandae. Vikongwe wa sokoni watamcheka mpaka meno ya bandia yawadondoke.

Mama mwenyewe alitaka, hilo nalijua. Aliwahi kunihadithia. Marashi hayakamiliki kwenye kikaratasi, lazima yajaribiwe kwenye ngozi ya mtu, akamwomba Baba ayajaribu kwenye yake. Baba akamwambia ngozi yake inameza harufu. "Ngozi yangu ina njaa," ndivyo alivyokuwa akisema, akiifanya mzaha.

Na hiyo chupa kuukuu uliitoa wapi? Kwetu haikuingia hata siku moja.

Mama yuko vile vile. Ananiita bibie. Juzi alipata kauli kidogo, akanishukuru kwa supu, akaniuliza kama mama yangu bado yu hai. Nikamwambia yu hai. Akasema, "Mtunze."

Ukitaka nijaribu, niambie kwanza inanukaje. Siwezi kuvaa kitu nisichokijua.

Josette


Paris, 24 Juni 2022

Dada Josette,

Umenichekesha na umeniumiza kwa barua moja, kama kawaida yako. Habari ya chupa isikusumbue. Hapa Paris watu wanauziana vitu vya kale kila pembe. Na kijitabu kiache kilivyo. Watu hawanunui ukweli, dada, wananunua kitu cha kuwaliwaza wakirudi nyumbani.

Inanukaje? Nitajaribu.

Inaanza kwa ubaridi. Ganda la lile limau chungu la bergamoti, na jani bichi la mchungwa ukilivunja kwa kucha. Haikuchekei. Marashi ya siku hizi yanakurukia shingoni kabla hujavua koti, hii inakutazama kwanza kutoka ng'ambo ya chumba. Halafu asumini inaingia, na si asumini ya mabibi harusi. Ni ile ya alfajiri shambani, yenye uchafu kidogo ndani yake, inayobaki kwenye vidole vya wachumaji hata wakinawa. Wewe unaijua kuliko mimi.

Ukisubiri saa nzima ndipo inapokufikisha chini. Huko kuna ngozi ya glavu, vumbi kidogo, na ule ukungu wa kijivu unaoota kwenye magome ya mialoni. Hapo ndipo tulipotaabika. Sheria siku hizi imeubana ule ukungu, eti unawasha watu, kwa hiyo tumeutafutia njia ya kuzunguka. Chini pamepungua kidogo. Watakaojua ni wazee tu.

Na ikishatulia kabisa, Josette, inanuka kama kola ya manyoya ya koti la mtu aliyekuja kukupokea stesheni. Una miaka kumi na minane, mvua inanyesha, hujui njia hata moja, naye anakukumbatia na kukuambia: basi, umefika. Sijui nielezeje zaidi ya hapo.

Jipake nyuma ya masikio na kwenye viganja. Jaribu mara moja tu, kwa ajili yake.

Solange


Grasse, 3 Julai 2022

Mdogo wangu mpenzi,

Naandika mbio, usiuchungulie mwandiko.

Nilijipaka leo mchana, baada ya supu. Faïza alikuwa akivaa viatu aondoke, akaziba pua: "Bibi, umeoga nayo?" Nitajuaje kipimo, na pua yenyewe sina? Nikaingia chumbani. Nilikuwa nimeyaegesha madirisha kwa ajili ya joto. Mama alikuwa ameugeukia ukuta kama kila siku. Nikakaa kwenye kiti changu nikachukua ufumaji wangu, nikajiambia hakuna kitu, Solange na ndoto zake.

Kisha nikaona pua yake inacheza. Akageuka, Solange. Amegeuka mwenyewe! Macho yake yalikuwa macho ya Mama, si yale ya kioo ninayoyafuta kila asubuhi. Alinitazama usoni, akautoa mkono chini ya shuka akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia, nimebaki na alama na sitaki zipone. Akasema, "Umerudi."

Hakusema bibie. Alisema umerudi.

Nilikaa jikoni nikalia mpaka nikashindwa kuosha vyombo. Nimekuwa nikijiuliza, nirudi kutoka wapi, mimi ambaye sijatoka nyumba hii? Lakini kwa upande wake nimekuwa safarini miaka yote hii, sivyo? Alikuwa akinisubiri, na mimi nimekaa pale pale mbele yake.

Nayafuta niliyosema juu ya kijitabu. Kama Mama ameitambua, basi labda Baba aliitunga kwa ajili yake moyoni, hata kama hakumpaka. Waume wa zamani walikuwa na mambo yao. Na wewe, nimekuwa mkali kwako kwa miaka mingi kwa sababu ulikwenda na mimi nikabaki. Yaishe. Septemba nitakuja kwenye uzinduzi, nitatengeneza nywele, na nitaoka ile mikate ya maua ya mchungwa uliyokuwa ukiiba ikiwa bado moto.

Asante, asante.

Dada yako,
Josette


Paris, 7 Julai 2022

Dada,

Nimefurahi, bila shaka. Lakini nakuomba usirudie. Ana miaka tisini na moja, na mshtuko wa aina hiyo si kitu cha kuchezea. Iweke chupa mbali, au nirudishie kabisa.

Alisema hilo neno moja tu? Kama amesema jingine, lolote, niandikie lilivyo, na usimwambie mtu kabla yangu.

Solange


Grasse, 21 Julai 2022

Solange,

Barua yako ilinishangaza. Mtu anaambiwa mama yake amefumbua kinywa, naye anauliza amesema nini kama wakili! Sasa sishangai tena.

Jumapili Faïza alikuwa na posa ya binti wa dada yake. Kabla ya kuondoka alijitia Serein kidogo shingoni, kwa ruhusa yangu, nilimwambia jipake mama, mimi nitakunusia nini. Akaingia kumweka Mama mto sawa. Mama akamshika kifundo cha mkono, pale pale aliponishika mimi, kwa kucha zile zile. Akasema, "Umerudi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba si mimi niliyetambuliwa. Faïza ana ngozi ya hudhurungi na nywele nyeusi za kufunga kitambaa, hatufanani hata kivuli. Kilichotambuliwa ni kilichokuwa shingoni.

Na Mama hakuishia hapo. Mtu ambaye kwa miaka miwili hajapandisha sauti aliinuka kwenye mto akasema kwa ile sauti yake ya shambani: "Huna haya, Irène. Hukutosheka na mume, ukanichukulia na mtoto."

Faïza alitoka amenywea kama aliyepigwa kofi. "Bibi, huyo Irène ni nani?"

Nilimwambia simjui. Lakini namjua, na wewe unamjua. Irène Delcourt, wakala wa Vautrelle, aliyekuwa akija kutoka Paris kila msimu wa asumini kukagua maua. Alivaa glavu nyeupe mbele ya watu wenye udongo mpaka viwikoni, na alitugawia karameli. Akishaondoka Mama alifungua madirisha yote, hata kama upepo wa kaskazini ulikuwa ukiangusha sahani. Mimi nilidhani Mama anapenda upepo! Miaka yote hiyo nimekwenda nikisimulia watu, mama yangu alipenda upepo.

Kumbe ngozi ya Mama haikuwa na njaa. Ilikuwa imepatikana ngozi nyingine.

Habari ya mume nimeimeza. Baba amekufa, Irène amekufa, wameshalipana huko waliko. Lililonikwama ni hilo la mtoto. Mtoto gani? Mimi nilikuwa hapa. Nimekuwa hapa siku zote. Nikaichukua tena ile barua yako ya kunieleza harufu, nikaisoma polepole, na nikafika kwenye kola ya manyoya.

Tulikusindikiza stesheni ya Cannes, mimi na Mama, vuli ile. Mama alikuwa amekufungia kwenye kitambaa kabichi lililojazwa nyama, lingali moto. Ulituambia shule ina bweni na masista watakupokea Paris. Masista hawavai manyoya, Solange. Nani alikupokea? Nani alikuambia "umefika"? Na sasa najua na chupa ilitoka kwenye kabati la nani.

Picha ya Mama nilikutumia mimi, kwa mkono wangu, niliibusu kabla ya kuitia kwenye bahasha. Mmemvisha mama yetu marashi ya nyumba ndogo ya mumewe, mkamsimamisha kwenye boksi kuyauza. Iondoe. Sikuombi kitu kingine.

Josette


Paris, 29 Julai 2022

Josette,

Unataka nikuambie nini? Kwamba naona haya? Sioni.

Ndiyo, ni Irène aliyenipokea. Niliishi kwake mpaka nilipomaliza shule. Alinifundisha kunusa, kuvaa, kuzungumza na watu bila kutazama chini. Kule nyumbani Mama alikuwa ameshaniandalia kikapu cha kuchumia asumini. Wewe chako ulikipokea ukashukuru, na hongera, mimi sikukitaka. Niliambiwa nina pua ya Baba na Mama akajibu kwamba pua si kazi ya msichana. Irène hakunijibu hivyo. Na hakuwahi kumsema Mama vibaya, hata mara moja, jambo ambalo Mama asingeweza kulisema kwa upande wake.

Alikufa peke yake. Kutoka Grasse halikuja hata ua moja, mji mzima unaoishi kwa maua.

Kama Mama alijua, basi alijua tangu siku ile stesheni na akanifungia kabichi. Karibu miaka hamsini hakuniuliza. Nami sikumwambia. Sasa niambie nani alimficha nani.

Picha haiondoki. Maboksi yameshachapwa. Na hata yangekuwa hayajachapwa, fikiri: Baba hakumpa Mama kitu chochote kizuri maishani mwake. Mwache akipate angalau kwenye karatasi.

Lakini acha kujipaka mbele yake. Unamtesa bure, na unajitesa.

Solange


Paris, 14 Septemba 2022

Josette,

Hujajibu, na hukuja. Nilikuwekea kiti mstari wa mbele na kikabaki na mkoba wangu. Nilipokuja nyumbani kubisha, Faïza alisema Mama amelala na wewe umetoka. Sikumwamini, lakini nilikuwa na treni.

Kwa taarifa yako, hakuna aliyecheka. Vikongwe wako wa sokoni walikuja wote, na walipiga makofi.

Solange


Grasse, 2 Oktoba 2022

Solange,

Faïza hakukudanganya. Nilikuwa nimetoka. Nilikuwa uwanjani, nyuma ya meza ya muuza mizeituni, na nimeona kila kitu. Nimeiona picha ya Mama mmeifanya kubwa kuliko mlango wa kanisa. Nimekuona na suti yako ya kijivu, umependeza. Nimemsikia yule kijana akisema "mapenzi ya mume na mke" na nikasubiri kicheko. Kikongwe mmoja baada ya mwingine, wale wale waliochuma naye, ambao waume zao hawakuruhusu hata kitunguu saumu, walinyanyua mikono wakapiga makofi. Mama Bonifay, mmoja wao, aliniona, akanishika mkono akasema, "Picha imetoka vizuri, Josette." Akaniminya kidogo. Walijua, Solange. Wote walijua tangu enzi hizo, hata rangi ya glavu walikuwa wakiijua. Nilikuwa nikisema nyumba ya pua haina harufu, kumbe ni mji mzima uliojifunza kutonusa.

Sasa nikupe habari za Mama.

Mwezi wa Agosti nilikutii. Niliiosha shingo yangu, nikaifungia chupa kabatini. Mama akaugeukia ukuta tena. Safari hii akafunga na kinywa. Nikileta kijiko anabana meno. Akapungua, nikawa nambeba kutoka kitandani hadi kitini bila msaada wa Faïza. Daktari alikuja akasema maneno yao yale, kwamba tujiandae, kwamba ni uamuzi wa mwili wenyewe.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nilimsindikiza mlangoni. Kisha nikaenda kabatini, nikajipaka nyuma ya masikio na kwenye viganja kama ulivyonielekeza, nikapasha supu moto, nikaingia.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, Honorine," nikasema.

Alikula bakuli zima. Alikula ili apate nguvu za kunitukana.

Tangu siku hiyo ndiyo maisha yetu. Kila mchana najipaka, nabeba supu, naingia kama Irène. Mama ana rangi sasa. Daktari anasema hajaona kitu kama hicho. Ananitukana kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua, ya wachumaji wa zamani, Faïza anakaa ngazini anacheka na kulia. Anasema, "Umechuja, Irène. Hata asumini yako siku hizi si ya kwetu. Na huko chini mbona hakuna kitu?" Kwa hiyo waambie vijana wako, wazee wamejua.

Ananiambia yote aliyoyafungulia madirisha. Jinsi alivyofua mashati ya Baba nje, kwenye baridi, ili "harufu yako wewe Irène" isiingie kwenye mashuka ya watoto. Jinsi alivyofunga kabichi stesheni akijua mtoto anakwenda kwa nani, na hakusema, kwa sababu angesema mtoto asingeandika barua tena. Hilo nakupa bure, ulikuwa unauliza nani alimficha nani.

Namwambia, "Nisamehe, Honorine." Ananijibu, "Kunywa na supu msamaha wako," na anafungua kinywa kwa kijiko kinachofuata.

Jana nilifanya kitu. Nilikuwa nimekishikilia moyoni kwa siku nyingi, nikaogopa, jana nikashindwa. Nilimuuliza, "Na yule binti yako mwingine, Honorine? Josette? Yuko wapi siku hizi?"

Aliutazama ukuta. Nilidhani amenipotea tena. Kisha akasema, "Josette hukumtaka. Hakuna aliyemtaka. Ndiye aliyenibakia."

Ni mara ya kwanza kulisikia jina langu kinywani mwake tangu aanze kuugua. Nilimpelekea kijiko kingine. Naye akakisukuma kijiko kwa nyuma ya mkono akasema, "Mwite aje anilishe. Wewe mikono yako ya baridi."

Basi nikatoka. Nilikwenda bafuni nikajisugua shingo na mikono kwa sabuni ya Marseille, nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, kama aliponisugua yeye. Nilibadilisha blauzi. Nilichana nywele, Solange, kama mtu anayekwenda kuposwa. Nikarudi na bakuli, nikakaa kwenye kiti changu, nikasema, "Mama, ni mimi. Umeniita."

Alinitazama kwa adabu. Alikula kijiko kimoja.

"Asante, bibie," akasema, na akaugeukia ukuta.

Chupa inakaribia kwisha. Nitumie nyingine. Usitie barua ndani.

Josette